Wale watu wa chini kwenye picha

Jana nimekaa kwa daktari wa meno, nimeshachomwa sindano nasubiri ganzi ikolee, ukutani kuna ile picha ya Petra mnayoijua, mji wa kale kule Jordan, lile jengo la Khazneh limechongwa kwenye mwamba, rangi kama za machweo. Dada wa pembeni akaitazama weee, akasema, "Pametulia jamani, jangwa tupu, hata mtu hamna." Hamna mtu?? Wako hapo chini dada, na vilemba vyao, wamejaa! Nikataka kumwambia ila shavu lote lilikuwa limeshakufa, nikatoa mate tu.

Sasa acha nimalizie hapa. Simlaumu sana, maana picha imetengenezwa usiwaone. David Roberts, huyo Mskoti aliyeichora, kabla hajafika Petra mwezi wa 3 mwaka 1839 alikuwa akichora mandhari za jukwaani kwenye majumba ya maigizo, na mtu wa jukwaa kazi yake ni wewe useme loo. Basi Mabedui, Waarabu wa jangwani, kawapanga pale chini ili ujue tu jengo ni refu, karibu mita 40, kwisha habari. Hawachoti maji, hawabishani bei, hawana hata mtoto anayelia, wamekaa wanapendeza. Na ndio hao hao waliompitisha jangwani, angejua yeye maji yako wapi?

Haya, kazi nzuri nakubali, sina ujanja. Tena aliyeihamishia kwenye jiwe la kuchapia kwa chaki ya mafuta ni Louis Haghe, Mbelgiji aliyekuwa London, mkono wa kulia una kilema, kila kitu kwa kushoto. Mimi na yangu miwili hata mstari unapinda.

Ila angalia zile nguzo za mbele. Moja haipo, ilikuwa imeanguka kweli, imekuja kurudishwa 1960, na Roberts kaiacha wazi vile vile alivyoikuta. Kwa hiyo kuona alikuwa anaona! Nguzo kaitendea haki, watu kawafanya rula.

Na 1985, mwaka ule ule UNESCO wanaiweka Petra kwenye orodha yao ya urithi wa dunia, Wabdoul, kabila la Mabedui waliokuwa wakiishi kwenye yale mapango wakahamishiwa Umm Sayhoun, kijiji cha kujengewa. Sasa hapo ndio pametulia, dada.

Nikaitwa ndani. Yeye kashatoa simu anaipiga picha, na kile kiti cha plastiki kimeingia pembeni.