Treni ya Kasi Lamu: Itampakia Nani?

Juzi, baada ya alasiri, tumekaa uwanja wa Mkunguni mjini Lamu, mpwa wangu akanionyesha kwenye simu treni ya Kijapani ikipita stesheni bila kupunguza mwendo. "Mjomba, reli ya LAPSSET ikija, si tutakwenda hivi?"

LAPSSET ni ule mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Ethiopia na Sudan Kusini. Nikamwambia tupige hesabu. Kwa sensa ya 2019, Kaunti ya Lamu nzima ina watu 143,920. Treni moja ya Tokyo–Osaka ina viti 1,323. Basi treni 109 zinatumaliza sote, vikongwe na watoto wa mgongoni, punda tukawaachia mji. Reli ile hupitisha treni zaidi ya 300 kwa siku. Sisi kesho yake tutapakia nini?

Na kasi ni ghali. Njia inyooke, barabara zipite juu au chini yake, uzio usimame huku na huku. Gharama hiyo ni ileile, ubebe watu kumi au elfu.

Wapo watakaonitajia Uhispania, na wana hoja. Reli ya kasi ya Madrid–Sevilla ilipofunguliwa 1992, mji mdogo wa Ciudad Real ulipata kituo, na leo wapo wanaofanya kazi Madrid na kulala kwao. Lakini Ciudad Real uko njiani. Reli ilijengwa kwa ajili ya miji mikubwa ya huku na huku, wenyewe ukadandia. Lamu ni mwisho wa njia. Mbele yetu ni bahari.

Halafu treni ya kasi haitaki kusimama-simama. Isimame miji ya njiani, Hindi, Ijara, Garissa, kasi itakuwa wapi? Isiposimama, mfugaji wa Ijara atapata nini zaidi ya kelele, na uzio kati ya ng'ombe wake na maji?

Mimi sikatai reli. Ile ya Mombasa–Nairobi, iliyoanza 2017, hubeba abiria kwa kilomita 120 kwa saa, na ipo treni yake inayosimama Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali. Hiyo ndiyo ningeitaka, tena iwe na mabehewa ya korosho na maembe ya Mpeketoni. Embe halina haja ya kilomita 300 kwa saa. Lina haja ya kuondoka siku lilipochumwa.

Mpwa wangu hakuridhika. Kesho yake alikuwa na safari: boti ya alfajiri hadi Mokowe, upande wa bara, kisha basi. Alipoinuka akaniuliza kama nina nauli ya kumkopesha.