Tyubulesi nyuma, tyubu mbele: tuige wapanda mawe

Nanunua asali vijijini Sikonge na kuiuza Tabora mjini, kwa hiyo riziki yangu iko juu ya matairi mawili. Kiangazi cha mwaka juzi nilipunguza upepo wa tairi la nyuma la pikipiki yangu ili nipite kwenye mchanga. Madereva wengi wa huku wanafanya hivyo: unabonyeza valvu kwa kijiti, unasikiliza upepo ukitoka, ukiridhika unaondoka. Nyuma nilikuwa nimefunga ndoo mbili za lita 20. Nilipotoka mchangani nikaingiza gia ya tatu kwenye ardhi ngumu, na hapo hapo nyuma ikayumba, pikipiki ikalala. Ndoo moja mfuniko ulifunguka, asali ya watu ikanywewa na vumbi.

Nilipofungua tairi sikukuta mwiba wala msumari. Tyubu ilikuwa nzima, ila valvu imeng'oka kwenye shina na kuacha tundu ambalo hakuna kiraka kinachoshika.

Jioni nilimfikia fundi pancha mmoja, mtu mzima. Hakunicheka. Alichukua chaki, akapiga mstari mmoja uliovuka kutoka kwenye tairi hadi kwenye rimu ya pikipiki iliyokuwa pale, akapunguza upepo, akamwambia kijana wake aizungushe kwa nguvu na kushika breki. Mstari ukakatika: nusu iliyo kwenye rimu ikabaki huku, nusu iliyo kwenye tairi ikasogea kule. "Mwanangu," akasema, "tairi likikosa upepo linazunguka peke yake. Tyubu inalifuata tairi, valvu imeshikwa na rimu. Nani atashinda hapo?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye pikipiki za traiali. Ni mchezo wa kupanda mawe na magogo. Hakuna kukimbizana, na ukiweka mguu chini unahesabiwa kosa. Nilikaa usiku mzima na simu nikimwangalia Mhispania Toni Bou, bingwa wa dunia kila mwaka kuanzia 2007 hadi 2025, akipanda mwamba unaomzidi kimo. Kilichonishika ni tairi lake la nyuma: linapogusa jiwe linalala juu yake na kulikumbatia. Wale watu wanaendesha kwa upepo wa psi (kipimo cha upepo) 4 au 5 tu nyuma. Sisi tukiwa na abiria tunaweka kama 30. Kwa upepo mdogo hivyo, tyubu yetu isingemaliza nusu saa. Kama valvu haijang'oka, tyubu ingebanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu ikatoka na matundu mawili yaliyoelekeana, yale ambayo kila fundi pancha anayajua.

Wao nyuma hawana tyubu; tairi lao ni tyubulesi, linashika upepo lenyewe. Valvu imefungwa kwenye rimu yenyewe, hivyo hakuna cha kuivuta wala cha kubanwa. Lakini rimu ile bado ina spoku, na hapa ndipo ninapotaka tuelewane vizuri. Imetengenezwa kwa kazi hiyo tangu kiwandani: ama spoku zinashika pembeni bila kutoboa sakafu ya rimu, ama matundu yake yamefunikwa kwa mkanda maalumu wa raba unaokaa sawasawa na umbo la rimu. Tairi na rimu ni kitu kimoja, vimefikiriwa pamoja.

Huku kwetu tumechukua nusu ya habari. Mtu ana pikipiki ya spoku, fundi anamwambia, "Leta nikuzibie kwa gundi, utasahau pancha." Mimi nilikubali. Fundi wa mjini alimimina gundi nyeupe ya kuzibia vioo juu ya kila kichwa cha spoku, tukaacha ikauke siku nzima. Ilidumu wiki tatu. Spoku haikai kimya. Ukibeba mzigo inajinyoosha na kulegea kila rimu inapozunguka, na gundi inaachia kidogo kidogo. Upepo ukawa unatoka bila sauti. Na kibaya zaidi, rimu ya tyubu kwa kawaida haina ule mwinuko mdogo wa ndani unaoshikilia ukingo wa tairi. Upepo ukiisha ghafla, tairi linaangukia katikati ya rimu, na wewe una mama na mtoto nyuma. Jambo hili naliomba kwa dhati: msizibe spoku kwa gundi kwenye pikipiki ya abiria.

Mwenye rimu za kumiminwa zisizo na spoku, zile tunazoita za spoti, hali yake ni tofauti. Soma maandishi yaliyo kwenye rimu. Ukiona herufi MT karibu na kipimo, ule mwinuko upo. Soma na ubavu wa tairi, kama limeandikwa TUBELESS au TL. Vyote vikiwepo na rimu haijabonyea, sioni sababu ya kuingiza tyubu ndani, na inaniuma kuona wauzaji wanaiingiza kwa mazoea tu. Msumari ukiingia kwenye tyubulesi, mara nyingi raba inaung'ang'ania na upepo unatoka taratibu, unafika. Tyubu inaishiwa pale pale.

Wenzangu wananiambia: kijijini hakuna kompresa, tairi likiachia ukingo wa rimu utalijazaje kwa pampu ya mkono? Ni hoja ya kweli, nami nilikwama nayo mara moja. Kumbe jibu tunalo kwenye keria. Paka maji ya sabuni kwenye kingo, chukua mpira wa kufungia mzigo, uzungushe katikati ya tairi mzunguko mzima, ukaze mpaka tairi libonyee. Kingo zinasukumwa nje kuigusa rimu. Pampu haraka bila kupumzika mpaka usikie milio miwili, pa, pa, kisha fungua mpira. Wapanda mawe wa Ulaya wanafanya vilevile kwa mkanda.

Mbele nimebakiza tyubu. Hata wao mbele wengi wanatumia tyubu, kwenye rimu nyembamba ya inchi 21. Nyuma nilijinyima miezi kadhaa nikanunua rimu ya spoti yenye MT, na mchangani sishuki tena chini ya 20, kwa sababu mimi nina mzigo na wao hawana.

Mwezi uliopita nilifika Kitunda, kijana aliyekuwa anapokea ndoo akaniambia, "Kaka, una mwiba." Ulikuwa wa mgunga, umezama wote kati ya kashata mbili za tairi, umebaki kitako tu. Sikujua nimetoka nao wapi. Tuliuchomoa kwa koleo, tukachomeka kamba ya gundi kwa sindano bila kufungua gurudumu, nikapima upepo, nikaongeza kidogo. Ndoo za mwisho zilikuwa bado hazijafungwa.