Choo cha Newala si choo cha Mikindani

Mjomba wangu analima korosho uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala, na sasa yuko kwenye choo chake cha nne. Cha kwanza kilijaa. Cha pili kilititia masika, sakafu ya magogo ikazama pamoja na mchanga, tunashukuru hapakuwa na mtu ndani. Cha tatu hakikuwa na neno, ila mkewe aligoma kukitumia kwa sababu fundi alikijenga kwa namna ambayo anayechuchumaa anaelekea kibla. Hiki cha nne kimetokana na malipo ya mnada: kuta za tofali, sakafu ya zege na sinki la plastiki lenye kifuniko kinachojifunga chenyewe. Vyoo vinne, na huyu ni mtu ambaye bwana afya hajawahi kumfokea.

Humkumbuka kila nisikiapo watu wakibishana kuhusu choo cha kesho. Upande mmoja wapo wanaosema shimo limepitwa na wakati, tuliache kama tulivyoacha koroboi. Hoja yao si ya kubezwa. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF za mwaka 2022, watu bilioni 3.5 hawakuwa na huduma ya choo iliyo salama mpaka mwisho, yaani mpaka kinyesi kitibiwe au kifukiwe bila kumdhuru mtu, na milioni 419 walikuwa bado wanakwenda porini au ufukweni. Kuwachimbia wote hao mabomba ya majitaka ni ndoto. Ndiyo maana mwaka 2011 taasisi ya Bill Gates iliwapa wanasayansi mtihani: tengenezeni choo kisichotegemea bomba la maji, mtandao wa majitaka wala umeme wa gridi, kiue vimelea vyote, na gharama yake isizidi senti 5 za dola kwa mtu kwa siku. Mwaka 2018 Gates mwenyewe alipanda jukwaani Beijing, kwenye maonyesho ya mitambo hiyo, na chupa ya kinyesi ili kuwakumbusha watu vimelea vilivyomo. Mwaka 2022 Samsung ikatangaza kuwa imekamilisha mfano wa choo cha nyumbani cha aina hiyo.

Senti tano zinasikika kama si kitu. Zipigie hesabu kwa nyumba ya watu sita: senti 30 kwa siku, karibu dola 110 kwa mwaka, kila mwaka, na hilo ndilo lengo, si bei ya dukani. Kisha jiulize kikiharibika Januari, fedha za korosho zikiwa zimeshaliwa, fundi anatoka wapi. Nani asiyejua kijiji chenye pampu ya maji iliyokufa kwa kukosa kifaa kimoja tu?

Upande wa pili wapo wanaosema tatizo si mtambo, ni tabia. Nao wana historia yao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na vijiji vikachimba vyoo kwa wingi ambao haujasahaulika. Miaka ya karibuni ikaja Nyumba ni Choo. Choo chenye sakafu inayosafishika, kifuniko na kibuyu chirizi cha kunawia mikono pembeni hupunguza nzi na kuhara bila umeme wala dola. Ila nao wana upofu wao: huhesabu vyoo vilivyojengwa, si vinavyotumika. Nimeona choo kilichochimbwa wiki ya ukaguzi na kugeuzwa banda la kuku mwezi uliofuata.

Kwangu mimi pande zote mbili zinatazama juu ya ardhi, wakati ugomvi uko chini.

Kule Newala chini kuna mchanga, na maji yako mbali mno. Mradi wa maji wa Makonde huyasukuma kutoka bonde la Mitema kuyapandisha juu. Kiangazi dumu la maji lina bei. Choo cha kuvuta kinachomwaga lita sita au zaidi kila mara, huko ni dharau. Sinki kama lile la mjomba, aina inayouzwa kwa jina la SATO, ilianzia Bangladesh na hutumia chini ya lita moja: maji yakimwagwa kifuniko kinafunguka, kisha kinarudi kuziba nzi na harufu. Bei yake ni ya mtu wa kawaida. Kilicho ghali ni kulizungushia shimo tofali au kalavati lisititie, na hapo ndipo watu hubana fedha, kwa sababu ukuta wa ndani ya shimo hauonwi na mgeni.

Ardhi ya hivyo, maji yakiwa mbali, inafaa sana mpango alioueneza Bindeshwar Pathak nchini India kupitia Sulabh, shirika aliloanzisha mwaka 1970: mashimo mawili na sinki moja. Moja likijaa unalifunga na kugeuzia la pili. Baada ya miaka miwili hivi lile la kwanza lina udongo tu, unaochoteka kwa koleo. Mjomba alikuwa amefanya nusu ya mpango huo bila kujua, kwani juu ya shimo lake la kwanza kuna mpapai, na mapapai yake ni makubwa. (Mimi nayala. Binti yake hayali.)

Sasa teremka Mikindani, pwani ya Mtwara. Chini ni mawe ya matumbawe, unachimba kwa mtaimbo siku nzima unapata kimo cha goti, na pasipo na jiwe unayakuta maji kabla shimo halijafika kina. Mawe hayo yana nyufa. Kinachoingia kwenye shimo langu kinaweza kutokea kwenye kisima chako. Kanuni ya kuacha mita 30 kati ya choo na kisima haina pa kusimama kwenye viwanja vilivyobanana kama vile. Masika mashimo hurudisha, na ile tabia ya miji ya pwani ya kutapisha choo mvua ikinyesha ili maji yabebe uchafu, inayabeba mpaka mlangoni kwa jirani. Kumwambia mtu wa hapo kwamba shimo linatosha ni kumdanganya. Anahitaji karo lililosakafiwa, gari la kunyonya linalofika, na mahali pa kwenda kumwaga.

Wengine wangempa choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi. Durban, Afrika Kusini, ilijenga makumi ya maelfu ya vyoo hivyo baada ya kipindupindu cha mwaka 2000. Havikuhitaji maji, lakini watu wengi hawakuvipenda, hasa ile kazi ya kukitoa kinyesi wenyewe, na baadaye manispaa ikabidi iichukue. Kwetu kuna jambo la ziada: tunatawadha. Maji yakiingia upande mkavu kila kitu kinaharibika, na mayai ya minyoo hayafi upesi kwenye unyevu. Wapo mafundi walioongeza tundu la tatu la kutawadhia na likafanya kazi, lakini lazima mtu awe ameulizwa kabla zege halijamwagwa, sawa na suala la kibla.

Na ile mitambo ya Beijing? Sioni pa kuiweka uani kwa mjomba. Naiona stendi, shuleni au soko la samaki, penye watumiaji wengi, anayekusanya mia mbili mlangoni na fundi anayelipwa kutokana na mia mbili hizo.

Mwezi uliopita mjomba alinipigia. Choo cha nne kiko imara, anafikiria kuchimba shimo la pili pembeni yake kabla ya mvua. Nikamuuliza kwa nini sasa, wakati la kwanza bado liko nusu. Akasema msimu ujao bei ya korosho haijui, lakini shimo kujaa anajua litajaa.