Port Bell juu ya meza: kwa nini treni yangu haizunguki

Kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu huuliza swali lilelile: "Sasa hii treni inazungukia wapi?" Haizunguki. Inatoka ghatini na mabehewa matatu, inasimama, inarudi kinyumenyume, inaacha moja, inachukua jingine. Reli yangu yote ni ya kuigiza, mfano mdogo wa Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Viktoria, nayo imekaa juu ya ubao wenye urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 45, na juu ya ubao huo kuna kazi ya jioni nzima. Naandika kwa sababu nimezidi kuamini kwamba hapa Uganda reli ndogo inafaa ijengwe hivi: stesheni moja, iwe ya kwetu, ijengwe mpaka iishe, kisha ifanye kazi.

Nilianza kama wengi. Ndugu yangu aliyekuwa akiishi Uingereza aliniletea boksi lenye kichwa cha treni, mabehewa mawili na reli za kutosha duara moja. Nikaipanga sakafuni, watoto wakapiga makofi, treni ikazunguka. Siku ya tatu hakuna aliyeitazama. Treni ya duara inaondoka ili irudi ilipotoka. Haina mzigo, haina anayeingoja. Nikadhani dawa ni kuongeza. Nikaongeza reli, nikaagiza vinyumba vyenye theluji juu ya mapaa, nikatengeneza mlima. Ikawa kubwa, ikala chumba, ikala na mshahara, na kwa miaka miwili hakuna kona hata moja iliyokamilika. Siku moja niliibomoa yote, nikabaki na reli chache ndani ya katoni.

Lililonirudisha ni utoto. Mimi ni mtoto wa kota za reli, Tororo. Kiswahili changu hakikutoka shuleni. Nilikipata pale, ambapo Mpadhola, Mteso, Mganda na Mjaluo waliofanya kazi pamoja walihitaji lugha moja ya kuambiana "vuta", "simama", "bado kidogo". Mzazi mwenye zamu usiku alikuwa na taa yake, na sisi watoto tulijua kwa mlio kama treni inayokuja imebeba au ni tupu. Nilijiuliza: kama ninajua haya yote, nahangaika na theluji ya nini?

Na nchi hii ina reli ya kusimulia. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, reli ikafika Kisumu mwaka 1901, na hapo ikakomea ziwani. Kwa miaka mingi mzigo wa Uganda ulivuka Ziwa Viktoria kwa meli. Njia fupi ya kutoka Port Bell kupanda Kampala ilifunguliwa mwaka 1915. Treni ya moja kwa moja kutoka pwani ilingoja mpaka mwaka 1931, daraja la Nile pale Jinja lilipokamilika. Mwaka 1956 reli ikafika Kasese, chini ya Rwenzori, kufuata shaba ya Kilembe. Mtu akikaa Kampala akajenga kijiji cha milima ya Alps, namheshimu kwa ufundi wake, lakini naona ameruka hadithi iliyomlea.

Nilichagua Port Bell kwa sababu ya meli za kubeba mabehewa. Wasiozijua, hizi ni meli zenye reli sitahani: behewa linaingizwa likiwa na mzigo wake, linafungwa, linavuka ziwa hadi Kisumu au Mwanza, na linatolewa upande wa pili bila gunia hata moja kushushwa. Uganda ilikuwa na tatu, Kabalega, Kaawa na Pamba. Kabalega ilizama mwaka 2005 baada ya kugongana na Kaawa. Kwa mjenzi wa reli ndogo, meli hiyo inamaliza tatizo kubwa kuliko yote, yaani treni inakwenda wapi ikitoka machoni. Wenzetu wa nje huficha reli nyuma ya ukuta au chini ya mlima. Mimi nina meli. Ni trei ya mbao yenye njia tatu za reli; ikijaa naibeba kwa mikono miwili, naiweka kabatini, naleta trei ya pili yenye mabehewa mengine. Kisumu yangu iko kwenye rafu ya juu, Mwanza kwenye rafu ya chini.

Kuunganisha trei na ghati kulinitesa. Reli mbili zikipishana hata nusu milimita, gurudumu linaruka. Nilijaribu vipande vya mbao, nikajaribu sumaku. Kilichofanya kazi ni makomeo madogo ya shaba, yale ya kufungia milango ya kabati, yanayouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Komeo moja kila upande: ukilisukuma, linanyoosha reli, na kwa kuwa ni shaba linapitisha umeme pia. Waya wa kushoto ulehemu kwenye komeo la kushoto, wa kulia kwenye la kulia, basi. Meli ikifunga ghati, inapata umeme, ikiondoka, imezima. Sijawahi kujenga kitu kilichonipa raha kama kile kimlio cha komeo likiingia.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo wengi huharibu bila kujua. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli ya Ulaya ni milimita 1,435. Maboksi mengi yanayouzwa duniani ni ya kipimo cha 1:87 au 1:76, yaani kitu cha kweli kimepunguzwa mara 87 au 76, juu ya reli ya milimita 16.5. Gawanya 1,435 kwa 87 utapata 16.5, sawa kabisa. Lakini gawanya 1,000 kwa 87 uone: ni milimita 11.5. Kwa hiyo ukitengeneza behewa letu kwa 1:87 ukaliweka juu ya reli ya 16.5, limesimama juu ya njia ya Wazungu. Mtu aliyekulia kando ya reli ataona kasoro kabla hajaweza kuitaja. Behewa letu ni pana kuliko njia yake; linaning'inia pande zote mbili, na ukilitazama kwa mbele linaonekana kama mtu mwenye mabega makubwa na miguu iliyokaribiana. Hiyo ndiyo sura yake. Ukiipoteza hiyo, rangi na maandishi havitakuokoa.

Dawa ni reli ya milimita 12. Kampuni za Peco ya Uingereza na Tillig ya Ujerumani wanazitengeneza. Tena kipimo cha 1:120, kiitwacho TT, hutembea juu ya upana huohuo wa milimita 12, na kampuni ya Hornby ya Uingereza iliingia katika kipimo hicho mwaka 2022. Maana yake ni kwamba unaweza kutafuta kichwa cha treni cha TT, ukavua bodi, ukabaki na mota na magurudumu, kisha ukakivika bodi ya dizeli yetu uliyoikata mwenyewe. Bodi yangu ya kwanza ni ya plastiki ya mabomba iliyofanywa bapa na katoni ngumu iliyopakwa gundi. Inafanana na zile dizeli za Henschel nilizoziona utotoni, na inatosha kumfanya mtu mzima akae kimya kidogo anapoiona. (Anayetaka kujenga reli mpya ya Malaba hadi Kampala, hiyo ni ya milimita 1,435, yeye atumie 16.5 bila wasiwasi wowote.)

Watu husema vitu hivi havijengeki hapa kwa sababu umeme unakatika. Treni hizi zinatumia volti 12 za mkondo mnyoofu (DC), kama wa betri, na nchi hii imejaa volti 12: kila bodaboda inayo. Nimeweka betri ya pikipiki chini ya ubao, inachajiwa na sola, na kati yake na reli kuna kidhibiti cha mwendo cha mota nilichonunua kwa fundi wa redio, pamoja na swichi ya kugeuza mkondo ili treni irudi nyuma. Sharti moja usilipuuze hata kama una haraka: fyuzi ya ampea 1, karibu kabisa na betri. Betri ya pikipiki ikikutana na bisibisi iliyolala juu ya reli mbili, haiulizi. Inayeyusha waya mpaka plastiki itoe moshi. Nimeona, na ilikuwa mbele ya watoto. Tangu siku hiyo fyuzi ndiyo kitu cha kwanza ninachofunga.

Udongo wa kwetu ni zawadi. Hakuna rangi ya dukani inayofanana na marramu ya Uganda, ule udongo mwekundu wa barabarani, kama marramu yenyewe. Chekecha kwa kitambaa chembamba, kaanga udongo kwenye sufuria ya zamani ili wadudu wafe, kisha, hili ni muhimu, pitisha sumaku mara tatu nne. Marramu ina chembe za chuma, na mota ya treni ina sumaku ndani. Ukipuuza, chembe zitapanda na kuikwamisha mota. Kwa kokoto za katikati ya mataruma natumia mchanga mkavu uliochekechwa. Mwaga, sawazisha kwa brashi, nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, halafu dondosha gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Acha usiku kucha. Mafunjo ya ukingoni ni nywele za brashi kuukuu, magugu maji ni majani ya chai yaliyopakwa kijani. Picha ya nyuma, anga na ziwa na visiwa kwa mbali, nilichapisha Nasser Road, kwa wale wachapaji wa mabango.

Usafi sitausemea sana: vumbi ni adui, funika ubao kwa shuka, futa reli kwa spiriti kabla ya kuanza.

Nirudi kwenye kazi, maana ndiyo roho ya jambo hili. Mwingereza mmoja, Alan Wright, alibuni zamani mpango mdogo uitwao Inglenook Sidings: njia tatu tu, moja ya kutosha mabehewa matano, mbili za kutosha mabehewa matatu matatu. Una mabehewa manane. Unachagua matano kwa kura na kuyapanga kwa mfuatano uliotoka. Njia za kuyapanga ni 6,720. Nimeuchukua mpango huo nikauvisha Port Bell. Kila behewa lina kadi yake: hili kahawa, linakwenda Mwanza, hili ngano, linapanda Kampala, lile tangi la mafuta, likirudi tupu. Unachanganya kadi, unafunua tano, na hapo ndipo unaanza kufikiri. Ukikosea hatua ya kwanza utalipa hatua ya tisa. Binti yangu wa miaka kumi na miwili, ambaye lile duara lilimchosha kwa siku tatu, sasa ananishinda kwa hatua chache kuliko zangu na anaziandika kwenye daftari.

Najua hoja ya wanaopenda duara: raha ya treni ni kuiona ikienda, kasi, mabehewa ishirini yakifuatana. Siwezi kuikataa raha hiyo. Nimesimama Tororo nikihesabu mabehewa mpaka nikapoteza hesabu. Ila mabehewa ishirini kwa 1:87 ni kama mita tatu, na kilomita moja ya kweli ni mita 11.5. Hakuna sebule ya kupangisha Kampala itakayobeba safari. Kazi ya stesheni, hiyo inaingia bila kupunguzwa.

Jirani yangu mzee aliwahi kufanya kazi ya reli. Nilimwita aje aone, nikamwonyesha ninavyopakia meli: nilijaza njia ya kulia yote kwanza, kisha ya kati. Alishika mkono wangu. "Mwanangu, hapo umeshaizamisha. Meli inalala upande." Akakaa kitini, akanipangia: anza katikati, kisha moja huku, moja kule, mizani ibaki sawa. Akauliza minyororo iko wapi, maana behewa halisafiri ziwani bila kufungwa sitahani. Akauliza pia kwa nini kichwa cha treni kinakanyaga daraja la ghati, na uzito wote ule. Weka mabehewa matupu kati ya kichwa na mzigo, alisema, yasukume badala yake. Alikaa mpaka saa tatu usiku. Mkewe alipokuja kumtafuta alimkuta ameshika swichi, anamwelekeza binti yangu, "Bado kidogo… bado… simama."

Minyororo nimeinunua, ni ya mkufu wa bei nafuu, niliikata vipande vya sentimita mbili. Vinahitajika vinne kwa kila behewa, na hadi sasa nimefunga mabehewa sita. Mzee anakuja tena Jumamosi kukagua.