Rambirambi za Mjomba Aliye Hai

Maswali ya misemo ya Kiingereza yana mahali pake, na mahali penyewe si ndani ya Coaster ya Tukuyu. Tulipandia Uyole, mimi na mpwa wangu wa Kidato cha Nne, kitabu cha maswali ya kuchagua mapajani. Mvua ilipiga bati la gari mpaka tukawa tunasomeana kwa kupayuka.

Swali la kwanza: "I prefer tea ___ coffee." Binti akachagua than. Nikamwambia ni to, prefer haiendi na than. Mzee wa siti ya mbele akageuka: "Nani huyo anaweka chai mbele ya kahawa? Mimi wa Mbozi!" Watu wa Rungwe, chai imewasomeshea watoto, wakamjibu wote kwa pamoja. Ugomvi ukatufikisha Isongole.

Likaja la ugonjwa: "After a long illness, my uncle kicked the ___." Ball, bucket au door? Waingereza wanakufa kwa kupiga teke ndoo tangu zamani. Francis Grose aliuingiza msemo huo katika kamusi yake ya lugha ya mitaani huko London mwaka 1785. Binti aliujua. Akapayuka:

"Bucket! Mjomba amefariki!"

Konda akazima muziki.

"Jamani! Aliugua?" akauliza mama mwenye mkungu wa ndizi.

"Muda mrefu," akajibu binti, macho kitabuni.

Mama akavua khanga ya begani, akaitandaza, noti zikaanza kudondoka. Konda akanirudishia nauli. Nikapaza sauti: "Mama, ni msemo tu!"

"Sema, baba, sema. Usikae nalo moyoni."

Mvua ilikatika karibu na Kiwira, ndipo nikasikika: mjomba ni mimi, mzima, na msiba uko kitabuni. Hapo kila mtu akataka chake. Waliotoa mia tano wakakumbuka elfu mbili. Khanga ikabaki tupu, mikono bado imenyooshwa, nikaanza kulipa kutoka mfukoni mwangu. Mzee wa Mbozi, ambaye sikumwona akitoa hata senti, alipokea elfu moja akaikagua kwenye mwanga.

Konda akanigusa bega. "Na nauli je, marehemu?"