Timu 13 na bado haitwi galasa

Besiboli mimi nilikuwa siielewi kabisa, naona watu wamesimama tu wanatema mbegu za alizeti. Huku Columbus, Ohio, kuna timu ya Clippers, hiyo ni ya daraja la chini kidogo, chini ya Cleveland Guardians wa ligi kuu, na jamaa mmoja tunayepanga nae maboksi ghalani akanipa tiketi ya ziada, nikaenda kuua jioni.

Kilichonishika sio wapigaji, ni warushaji wa akiba, wale jamaa wa kizimba cha pembeni, wanaita bulpeni. Wamekaa kwenye benchi kama abiria wanasubiri basi la mkoani, na pale kuna simu ya waya, ikilia wote wanageuza shingo. Jina likitajwa mmoja anavua koti, anarusha mipira kadhaa ya kupasha, geti linafunguliwa anatoka mbio kwenda kuzima moto aliouwasha mwenzake. Tangu 2020 lazima akabiliane na wapigaji watatu au amalize iningi, yaani ile zamu ya timu kupiga, labda aumie. Dakika kumi hivi, kazi imeisha, na anaweza kuambiwa usiku huohuo pakia begi.

Nikasema aisee, hawa ni sisi kabisa. Mimi niko kwa wakala wa ajira, napigiwa simu saa kumi alfajiri, leo ghala hili kesho lile, na nyumbani Temeke mama anajua nina "ofisi". Mrushaji wa akiba timu inaweza kumshusha kutoka Cleveland kuja hapa hata mara tano kwa msimu mmoja, ni saa mbili kwa gari, tofauti ni kwamba kule juu mshahara wa chini kwa mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000, wanalipwa kwa siku walizokaa, na hapa Clippers kijana ambaye hajawahi kupanda alikuwa anaanzia kama dola 35,800 tu kwa mwaka mzima. Sasa hiyo ndo Marekani, mnayoiona kwenye tivii ni ile ya juu.

Ila kuna kitu kinaniuma nikikumbuka nyumbani. Mjomba wangu kacheza mpira timu sita za mikoani, beki wa kulia, na mtaani walimwita galasa, eti hatulii, eti kila msimu anatemwa. Timu ya mwisho ilimkalia mishahara ya miezi minne, goti likaenda, leo anaendesha bodaboda na lile goti akipanda mteja mnene unamuona anauma meno. Hakuna karatasi hata moja inayosema aliwahi kucheza!

Sasa mchukue Octavio Dotel, mrushaji wa akiba kutoka Jamhuri ya Dominika. Kacheza timu 13 za ligi kuu kati ya 1999 na 2013, mwaka 2010 peke yake kavaa jezi tatu, Pirates, Dodgers, Rockies, hata sijui alikuwa anafua wapi. Huku hakuna aliyemwita galasa, kila jezi walihesabu kama timu iliyomhitaji. Mwaka 2003 akiwa Houston aliwamaliza kwa straiki tatu tatu, yaani mipira iliyowashinda, wapigaji wanne wa timu ya Yankees kwa iningi moja kwao New York, na 2011 kachukua ubingwa na Cardinals.

Na msidhani wazungu wana huruma. Mchezaji akifikisha siku 43 ligi kuu anakuwa na haki ya pensheni, siku 43 tu wadau, na hiyo chama cha wachezaji ndo kilipigania mezani. Hawa wa chini walikuwa wanalipwa njaa hadi walipojiunga na hicho chama 2022, mwaka uliofuata mkataba ukaja, ngazi hii ya Clippers ikatoka 17,500 ikaenda hiyo 35,800. Kwetu wachezaji wakidai mishahara tunawaambia hawana mapenzi na timu, hata sisi mashabiki tumo.

Dotel alifariki Aprili 2025 kwao Santo Domingo, paa la ukumbi wa muziki liliwaangukia, walikufa watu zaidi ya 200. Nilimtumia mjomba stori yake yote kwa voisi ya WhatsApp, ya dakika saba. Akajibu kitu kimoja tu: "Kwa hiyo alisharudi kwao?" Nikamwambia ndio mjomba. Hajajibu tena, nadhani alipata abiria.