Mwalimu wa namba kubwa aachwe afundishe

Juzi kwenye kundi la wazazi wa shule moja hapa Mwanza pamewaka. Mwalimu wa Hisabati kawapa watoto wa Darasa la Sita namba 3,699,872, idadi ya watu wa mkoa wetu kwa sensa ya 2022, watafute vigawo vyake tasa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, ambazo ukizizidisha zinaileta namba hiyo. Mzazi mmoja akaandika: "Namba yote hiyo ya nini? Simu si zina kikokotoo?" Wakamiminika wa kumuunga mkono. Nimekereka, na naandika hasira haijaisha.

Wazazi wenzangu, mmeijaribu hiyo namba? Nilikaa na mtoto wa dada yangu akiifanya. Alianza na 2, akawa anashuka nayo pembeni mwa daftari, mara tano mfululizo, hadi 115,621. Hapo 2 ikagoma. Tatu ikagoma, 5 ikagoma, 7 nayo. Nikamwambia ajaribu kanuni ya 11: jumlisha tarakimu ya kwanza, toa inayofuata, endelea hivyo; ikitoka sifuri, 11 inaingia. 1−1+5−6+2−1. Sifuri! Akagawanya, akapata 10,511. Kisha 11 tena, 13, 17, 19: zote zinaacha baki. Ishirini na tatu ikaingia, ikabaki 457.

Akataka kuendelea kugawanya. Nikamuuliza, kwa nini? Namba tasa zote zilizo chini ya 23 zimeshakataa, na 23 mara 23 ni 529, imeshaipita 457. Alinyamaza kidogo, akaandika mwenyewe: "457 ni tasa." Hakuna aliyemwambia jibu. Alijua ni kweli, na alijua kwa nini ni kweli. Kikokotoo kingempa jibu tu, na hilo la pili angelikosa.

Sawa, mwaloni Kirumba hakuna anayenunua dagaa kwa vigawo tasa. Na idadi yenyewe imeshabadilika, watu wamezaliwa. Hilo halipunguzi kitu.

Maana tazameni idadi ya taifa zima kwa sensa hiyo hiyo: 61,741,120. Ukiifungua unapata 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641. Hiyo 641 ina historia. Mwanahisabati Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1, ni namba tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Bila mashine yoyote. Sensa haikupanga hilo, limetokea tu, na mtoto wa Darasa la Sita wa Igoma anaweza kuifikia 641 hiyo hiyo kwa kalamu yake.

Namuomba mwalimu asirudi nyuma. Wiki ijayo awape ya taifa.